KUMTAFUTA BABU ALIYEVUKA BAHARI

Mazungumzo ya katekista mbele ya Wakristu na wageni, siku ya Jubilei ya parokia yetu



Padri paroko alipotuagiza tuseme neno juu ya vitabu vya ubatizo, tulijua kwamba wengi wenu mngesinzia. Mtu akisikia habari ya vitabu vile anawaza kabati la sakristia, vumbi na harufu ya panya. Kwa hiyo tumeomba ruhusa ya kuwapeleka mbali kwanza, mpaka kisiwa cha Irlandi, upande wa magharibi wa Uingereza. Tutarudi nyumbani kabla chakula hakijapoa.

Sisi tunaosema nanyi tulisoma miaka michache katika seminari ndogo. Mwalimu wetu wa Kilatini alikuwa padri aliyezaliwa Marekani, lakini damu yake ilikuwa ya Irlandi. Siku moja alimwomba kila mwanafunzi ataje babu zake. Vijana walisimama mmoja mmoja wakataja: watano, saba, mmoja akafika kumi, na kila babu pamoja na kilima chake. Padri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia kwamba yeye, akianza na baba yake mzazi, anaweza kutaja watatu tu, na yule wa tatu hajui kwao ni wapi. Alijua jina lake. Alijua kwamba alifika Marekani akingali kijana, wakati wa njaa kubwa. Tena alikuwa na kitabu kidogo cha sala kilichotoka kwake, chenye majina mawili kwenye ukurasa wa kwanza, jina la babu na jina la dada yake, bila mahali, bila mwaka. Ndiyo hayo tu. Sisi tulishangaa sana, maana tulidhani kwamba Wazungu wameandika kila kitu.

Tangu siku ile tumefuata habari hiyo kwa hamu, na mengi tutakayosema leo tulianza kuyasikia kutoka kinywani mwake.

Mwaka wa 1841, serikali ya Uingereza, iliyotawala Irlandi wakati ule, ilihesabu watu 8,175,124 katika kisiwa kile. Maskini wengi waliishi kwa viazi vya Ulaya, karibu bila chakula kingine. Mwaka wa 1845 ugonjwa uliingia katika viazi. Majani yalikuwa meusi kwa siku chache, na viazi vilioza ndani ya udongo. Ugonjwa ulirudi mwaka uliofuata, na njaa ikaendelea. Hesabu ya mwaka wa 1851 ilipofanyika, watu walikuwa 6,552,385. Karibu milioni moja walikufa kwa njaa na kwa homa, na wengine wapata milioni moja walipanda merikebu. Wengi walipitia Liverpool, wakaenda New York, Boston ao Quebec. Katika kisiwa cha Grosse Île, ndani ya mto Saint-Laurent, mahali wagonjwa walipozuiliwa kabla ya kuingia Canada, watu zaidi ya 5,000 walizikwa katika mwaka wa 1847 peke yake.

Watu wanaokimbia namna hiyo hawabebi sanduku la karatasi. Ninyi mliokimbia vita mnajua mtu anabeba nini: mtoto, sufuria, blanketi. Tena wengi wao hawakujua kusoma, na wengine walisema Kiirlandi tu, hata majina yao yakaandikwa na karani Mwingereza kama sikio lake lilivyosikia. Mtu wa ukoo wa O'Sullivan alikuwa Sullivan tu katika karatasi. Ile O ya mbele, ambayo maana yake ni mjukuu, ilikuwa imeanguka njiani. Vitukuu vyake waliiokota tena, ao waliiacha. Msiwacheke. Katika kitabu kimoja cha parokia yetu tumeona kijiji kimoja kimeandikwa kwa namna tatu na mkono wa padri mmoja Mflamano, Mungu amrehemu.

Basi, mtoto wa kitukuu akitaka leo kumtafuta babu huyo, ataanzia wapi? Anaanzia Marekani, na Marekani karatasi si haba, lakini zina ubahili. Tangu mwaka wa 1850 hesabu ya watu ya Marekani iliandika jina la kila mtu huru katika nyumba, lakini kwenye mahali pa kuzaliwa karani aliandika neno moja tu: Irlandi. Karibu hesabu yote ya mwaka wa 1890 iliharibika kwa moto mjini Washington mwaka wa 1921. Hati za uraia za kabla ya mwaka wa 1906 mara nyingi zinasema tu kwamba mtu huyu anaacha kumtii mtawala wa Uingereza, basi. Ni kama mtu akikuuliza kwenu ni wapi, nawe unajibu: Afrika.

Lakini kule Irlandi kwenyewe, neno «Irlandi» halimsaidii mtafutaji hata kidogo. Kisiwa kile kimegawanyika katika wilaya, wilaya katika parokia, na parokia katika vipande vidogo vya ardhi, kila kimoja na jina lake, kama vile sisi tunavyotaja kilima. Vipande hivyo ni zaidi ya 60,000, na majina mengine yanarudi mara nyingi mahali mbalimbali. Mtafutaji asiyejua kipande chake, ao walau parokia yake, anakutana na Patrick Murphy mia, wote wana wake wanaoitwa Mary, na hawezi kusema yupi ni wake.

Sasa tufike kwenye moto.

Mwezi wa nne wa mwaka wa 1922, askari waliokataa mapatano na Uingereza walishika majengo ya Four Courts mjini Dublin. Katika majengo yale, pamoja na mahakama, palikuwa nyumba ya kumbukumbu za serikali, yenye maandiko ya karne saba. Tarehe 28 mwezi wa sita, jeshi la serikali mpya lilianza kuwapiga kwa mizinga. Tarehe 30 mlipuko mkubwa na moto viliteketeza nyumba ile, na vipande vya karatasi vikaanguka juu ya mji kama majivu ya volkano. Waliopigana walikuwa ndugu, na kilichoungua ni majina ya babu za pande zote mbili. Hesabu za watu za mwaka wa 1821, 1831, 1841 na 1851 zilipotea karibu zote. Wasia za wafu zilipotea. Vitabu vingi vya parokia za ndugu zetu Waanglikana, vilivyokuwa vimepelekwa pale ili vilindwe vizuri, vilipotea pia.

Hapa tunapashwa kusema neno moja ambalo halitawapendeza watu wa ofisi. Hesabu za mwaka wa 1861 na 1871 hazikuunguzwa na askari. Serikali yenyewe iliziharibu kisha kuzitumia, kwa sababu iliona hazina kazi tena. Zile za mwaka wa 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa vita kuu ya kwanza, maana karatasi ilikuwa shida. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iliyobaki nzima ni ile ya mwaka wa 1901. Tunapenda kulaumu vita kwa kila kitu kilichopotea. Kumbe karani mmoja aliyechoka, mwenye kabati lililojaa, anaweza kufanya kazi sawa na ile ya mizinga.

Hata hivyo kuna makombo yaliyookoka, na namna yalivyookoka inafurahisha. Mwaka wa 1908 serikali ilitoa sheria ya kuwalipa wazee maskini waliotimiza miaka 70, na malipo yakaanza tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1909. Lakini ofisi zilianza kuandika vizazi vya watu wote mwaka wa 1864 tu, basi hakuna mzee hata mmoja wa umri ule aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee waliomba watafutiwe majina yao katika hesabu za mwaka wa 1841 na 1851, ambazo zilikuwa hazijaungua bado. Karani alifungua kitabu, akaandika jibu kwenye fomu. Vitabu viliungua, nyingi za fomu zile zipo hata leo. Mzee aliyeomba fedha kidogo za kununua tumbako na chai amewaachia wajukuu wake jina la baba yake na la mama yake, bila kujua.

Na wazee waliokosekana katika hesabu? Hao waliulizwa wanakumbuka nini. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka wa 1839 upepo mkali usio na mfano ulikuwa umepiga Irlandi, ukabomoa nyumba na kung'oa miti. Mzee aliyeweza kusimulia usiku ule, na kwamba wakati ule alikuwa tayari anajilisha mwenyewe kiazi kwa mkono wake, alihesabiwa kuwa amefikisha umri. Sisi wa Kivu hatuna haja ya kufasiriwa jambo hilo. Katika parokia zetu tunaandika kila mwaka watoto na wazee ambao umri wao unajulikana kwa volkano ya Nyiragongo: huyu ni wa kabla ya mwaka wa 1977, huyu alizaliwa lava ilipoingia Goma mwaka wa 2002. Lakini tukubali pia kwamba kumbukumbu inanyumbulika mahali penye fedha. Katika hesabu ya mwaka wa 1911 ya Irlandi wanaonekana watu wengi ambao, tangu ile ya mwaka wa 1901, walikuwa wamezeeka kupita miaka kumi.

Sasa, Mapadri waheshimiwa, tunafika kwenye vitabu vyenyewe. Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka wa 1563 kwamba paroko awe na kitabu cha ndoa, na desturi ya kuandika ubatizo ikaenea pamoja nayo. Huko Irlandi, chini ya sheria zilizowabana Wakatoliki, padri hakuwa na nafasi ya kuandika kwa raha. Katika parokia nyingi za mashamba, hasa upande wa magharibi, vitabu vinaanza tu katika karne ya kumi na tisa. Lakini kwa kuwa serikali haikuvitambua kuwa mali yake, havikupelekwa Dublin. Vilibaki kwa paroko, kabatini, pamoja na panya wao. Siku ya moto wa Four Courts, kabati lile la kijijini lilikuwa mahali pa usalama kuliko nyumba ya mawe ya serikali.

Baadaye Maktaba ya Taifa ya Irlandi ilipiga picha za vitabu hivyo katika filamu, na mwezi wa saba wa mwaka wa 2015 ilizifungua kwa watu wote katika intaneti, bila malipo. Ni vitabu vya parokia zaidi ya elfu moja. Tumeonyeshwa kurasa kadhaa. Mwandiko ni wa haraka, wino umefifia, na pengine padri aliandika jioni, kisha safari ndefu juu ya farasi, ubatizo wa siku tatu pamoja. Lakini mstari mmoja unatosha: tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na jina la ukoo alikozaliwa, majina mawili ya baba na mama wa ubatizo, na, padri akiwa mwema, jina la kipande cha ardhi.

Aliyesoma Kilatini kidogo atafurahi humo. Jacobus ni James wa nyumbani, Gulielmus ni William, na Cornelius huenda ni yule ambaye mama yake alimwita Conor. Majina ya watoto nayo yana sheria yake. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Mtafutaji anayejua majina ya watoto waliozaliwa Marekani anaweza kukisia majina ya wazee waliobaki Irlandi. Mababu zetu pia waliwarudisha wazee kwa njia hiyohiyo, na tunasikitika kuona siku hizi mtoto anapewa jina la mchezaji wa mpira.

Tuwape mfano mmoja ulio wazi, ambao hata watoto wa shule wanamjua mwenyewe. Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani tangu mwaka wa 2009 mpaka mwaka wa 2017, kwa baba yake ni Mluo wa Kenya, na ukoo ule unajulikana kijiji kwa kijiji. Kwa mama yake habari zilikuwa nyembamba zaidi. Palikuwa babu mmoja wa kizazi cha tano, jina lake Falmouth Kearney, aliyeingia New York mwaka wa 1850 akiwa na miaka wapata 19, akaenda Ohio, kisha Indiana, akalima. Alitoka Irlandi sehemu gani? Watafutaji wa Marekani walifuata njia mpaka kijiji kidogo cha Moneygall, katika wilaya ya Offaly. Mwaka wa 2007 waliomba msaada kwa Stephen Neill, mchungaji Mwanglikana wa mahali pale. Yeye akafungua vitabu vya zamani vya parokia ya Templeharry, na humo akaikuta jamaa ya Kearney, na Joseph, baba yake Falmouth, fundi wa viatu. Vitabu vile havikuwa Dublin siku ya moto. Tarehe 23 mwezi wa tano mwaka wa 2011, rais yule aliingia Moneygall na watu walijaa njiani. Kwetu sisi, aliyestahili kiti cha mbele siku ile ni mwandishi wa parokia ambaye, zaidi ya miaka mia na hamsini kabla, aliona kwamba mtoto wa fundi viatu anastahili mstari wake.

Mjue pia kwamba jina la Falmouth lilisaidia. Si jina la watu wengi. Kama angekuwa Patrick, pengine mchungaji yule angekuwa anatafuta hata leo.

Mfano wa pili ni wa kutuogopesha kidogo. Tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1892, nyumba ya kupokea wahamiaji ya Ellis Island ilifunguliwa mjini New York, na mtu wa kwanza kupita mlangoni alikuwa msichana wa Irlandi, Annie Moore wa Cork, pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Walikuwa wanawafuata wazazi waliotangulia. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola kumi. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba Annie huyo alikwenda Texas, akaolewa huko na kufa huko, na jamaa moja ya Texas ilialikwa kwenye sherehe kwa heshima zote, kwa nia njema kabisa. Mwaka wa 2006, Megan Smolenyak, mwanamke mtafutaji wa koo, alionyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani yenyewe. Hakuwahi kushuka kwenye ile merikebu. Njia ya kumpata Annie wa kweli ilipita kwa mdogo wake Philip na hati yake ya uraia. Annie alikuwa hakutoka New York. Aliishi katika mitaa ya maskini ya Manhattan, akaolewa na mtoto wa Wajerumani, akazaa watoto wengi na kuwazika wengi wao, akafa mwaka wa 1924. Alilala katika kaburi lisilo na jiwe la jina mpaka mwaka wa 2008. Hata umri wake ulikuwa umekosewa. Magazeti yalisema alitimiza miaka 15 siku ile ya kufika, kumbe alikuwa na miaka 17.

Angalieni jinsi kosa lile lilivyoingia. Hakuna aliyesema uongo. Jina lilikuwa sawa, hadithi ilikuwa nzuri, na kila mtu alifurahi kuirudia. Katika koo zetu pia tunazo hadithi za namna hiyo, za babu aliyekuwa mtemi, ao babu aliyebatizwa wa kwanza kabla ya wengine wote. Hatusemi kwamba si kweli. Tunasema tu kwamba katika parokia moja tumekwisha kuhesabu «wabatizwa wa kwanza» sita.

Mtaona kwamba Annie alipatikana kwa njia ya ndugu yake. Watafutaji wote wanasema hivyo: babu mwenyewe akijificha, mtafute dada yake, jirani yake, baba yake wa ubatizo. Wairlandi wa zamani walilijua jambo hilo kabla ya sisi. Katika gazeti la Wakatoliki la Boston, The Pilot, tangu mwaka wa 1831 mpaka mwaka wa 1921, watu walitia matangazo ya kuwatafuta ndugu waliopoteana nao. Mke alimtafuta mume aliyetangulia kwenda kujenga reli, mama alimtafuta mwana. Ili msomaji asimchanganye na mwingine, tangazo lilitaja parokia alikotoka, na pengine kipande chake cha ardhi. Waliyaandika kwa machozi, ili wapate mtu mzima. Leo wajukuu wanayasoma ili wapate kijiji.

Na mwalimu wetu wa Kilatini? Alirudi kwao Marekani kwa sababu ya afya, na miaka fulani tulipata barua yake. Alikuwa amemtafuta babu yake kila mahali na kukosa. Mwishowe akayaangalia tena yale majina mawili ya kitabu cha sala, akaanza kumtafuta yule dada. Mjini New York palikuwa benki ya wahamiaji, iliyoanzishwa mwaka wa 1850, ambayo makarani wake waliwauliza wenye kuweka fedha maswali mengi, ili mwizi asije kuchukua akiba kwa jina la mtu mwingine: umezaliwa wapi, umefika kwa merikebu gani, wazazi wako ni nani, ndugu zako wako wapi. Dada yule, mtumishi wa nyumbani, alikuwa ameweka dola zake pale. Karani aliandika parokia ya wilaya ya Cork, majina ya wazazi, na kaka mmoja mwenye jina lilelile. Padri akafungua vitabu vya parokia ile. Alikuta ubatizo wa dada. Ubatizo wa kaka hakuukuta; kurasa za miaka ile zimeliwa na maji, husomi kitu. Alituandikia kwamba sasa anajua jina la kilima, na la mama mzazi, na la mama wa ubatizo wa dada, lakini babu mwenyewe hana mstari wake hapa duniani. Hakupata nguvu za kwenda kuona mahali pale. Amekwisha kufariki. Tulipoisoma barua ile tulifurahi kwa ajili yake, na usingizi ukakataa kuja, kwa sababu tuliwaza kitabu chetu.

Wengi wenu mnajua, wageni wetu pengine hawajui: siku za vita vya mwaka wa 1996, kitabu kimoja cha ubatizo cha parokia hii kilipotea. Hatutafuti mwenye kosa. Kabati lilivunjwa, karatasi zilitawanyika katika ua, mvua ilinyesha. Vitabu vingine viliokotwa, hicho hakikuonekana tena. Ndani yake wamo watu waliobatizwa kwa muda wa miaka kadhaa, na kati yao wako mama na baba walioketi mbele yetu hapa leo. Kila mara mmoja wao anapokuja kutaka ndoa, ao mtoto wake anapotaka kuingia seminari ao utawa, tunafungua kabati na kufunga, na tunaona haya.

Sheria ya Eklezia ina huruma kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya 876 inasema kwamba kuthibitisha ubatizo, pasipo na mtu wa kudhurika, shahidi mmoja asiye na mashaka anatosha, ao kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Shahidi mmoja! Lakini shahidi anapashwa kuwa hai. Wairlandi walikuwa na wazee waliokumbuka usiku wa upepo, na fomu zikaandikwa kabla wazee hawajafa. Wajukuu wanakula matunda yake mpaka leo. Mjini Dublin kwenyewe, mwezi wa sita wa mwaka wa 2022, miaka mia moja kisha moto, wataalamu walifungua katika intaneti nyumba mpya ya kumbukumbu, waliyoikusanya kutoka nakala zilizobaki katika maktaba za nchi nyingi. Walingoja miaka mia. Sisi, wazee wetu hawatangoja hata kumi.

Kwa hiyo Padri paroko ametuagiza tutangaze hivi. Kisha Misa ya kesho, na kila siku ya posho baada ya hapo, tutakuwa na meza kando ya mlango wa sakristia mpaka saa kumi. Pale pana daftari jipya. Mwenye kadi ya zamani ya ubatizo ailete, hata kama imechanika, hata kama panya wamekula kona. Tutainakili mbele yake na kumrudishia. Asiye na kadi aje na mtu aliyekuwepo. Makatekista wa vijiji tunawaomba jambo moja: msiandike jina la parokia tu, andikeni kilima, na jina la ukoo wa mama, na baba na mama wa ubatizo kwa majina yao yote mawili. Andikeni kwa herufi wazi. Kalamu ya risasi hatuitaki.

Jana jioni, tulipokuwa tunapanga viti hivi, mama mmoja mzee alifika akiongozwa na mjukuu wake. Alikuwa amesikia habari ya daftari, akahofu kwamba leo watu watakuwa wengi na hatapata nafasi. Hakuwa na kadi. Mwaka hakuujua. Alitaja jina la mama yake wa ubatizo, na kilima, na kwamba siku ile mvua ya mawe iliwakuta njiani, wakajificha wote kumi na wawili chini ya paa la katekista, na jina la kila mmoja wa wale kumi na wawili. Tuliwasha taa tukaandika.